Mchumia Juani na Mlia Kivulini

Mara nyingi litajwapo neno utamaduni, fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, hadithi na sherehe za jadi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ulimi nao una utamaduni wake. Namna watu wanavyolima chakula, wanavyokipika, wanavyomkaribisha mgeni kukila, na hata namna wanavyokisifu, hutueleza habari zao kwa ukweli zaidi kuliko ngoma inayochezwa mbele ya watalii. Katika insha hii tunakusudia kusimulia matembezi ya saa tatu tuliyoyafanya katika mji wa Brussels, nchini Ubelgiji, mwezi wa Oktoba mwaka 2022, ambayo shabaha yake ilikuwa kuonja chokoleti. Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni jambo la anasa lisilostahili kurasa za kitabu kama hiki. Nasi tulidhani hivyo asubuhi ile. Jioni tulirudi tukiwa na deni ambalo tulilazimika kulichukua mpaka nyumbani.

Yafaa kwanza tueleze deni lenyewe lilivyoanza. Sisi ni walimu wawili wa shule moja ya sekondari wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mmoja wetu amezaliwa huko huko, katika nyumba ya mkulima wa kakao, au kokoa, kama wenyeji wengi wanavyoiita. Mwingine ametoka Pemba, kwenye mikarafuu. Miaka michache kabla ya safari hiyo, yule mzaliwa wa Kyela alikuwa akifundisha Jiografia katika Kidato cha Pili. Alikwisha kuandika ubaoni mazao ya biashara ya nchi yetu: kahawa, pamba, chai, mkonge, korosho, tumbaku na kakao. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono na kuuliza:

"Mwalimu, hiyo kakao wakishaitengeneza huko Ulaya, utamu wake ukoje?"

Mwalimu akajibu kwamba hutengenezwa chokoleti, na chokoleti ni tamu.

"Tamu kama nini, mwalimu?"

Mwalimu akatazama saa yake, akasema kwamba kipindi kinakaribia kwisha, na kwamba swali hilo halimo katika mada. Darasa zima lilikuwa la watoto wa wakulima wa kakao. Wapo waliokuwa wamekwisha kula zile pipi za maziwa zinazouzwa madukani kwa jina la chokoleti, lakini hapakuwa na hata mmoja, pamoja na mwalimu mwenyewe, aliyepata kuonja kitu kilichotengenezwa kwa kakao ya nchi yake. Swali la yule msichana likafutwa pamoja na maandishi ya ubaoni. Lakini halikufutika katika moyo wa aliyeulizwa.

Ubelgiji tulikwenda kwa mafunzo mafupi ya walimu. Jumamosi ya mwisho wenyeji wetu wakatulipia matembezi hayo yawe zawadi ya kutuagia. Tulikuwa watu kumi na wawili: Wajerumani, Wamarekani, Wajapani watatu, na sisi. Aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo, mwenye kikapu mkononi na viatu vya mtu aliyezoea kutembea juu ya mawe. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, na tangu mwanzo ilidhihirika kwamba tulikuwa mbele ya mwalimu mwenzetu. Hakutuanzia kwenye chokoleti. Alituanzia kwenye nyumba.

Tulisimama katikati ya uwanja uitwao Grand Place, ambao mwaka 1998 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba zinazouzunguka ni ndefu na nyembamba, zimepambwa kwa dhahabu na sanamu za mawe. Tulidhani kwamba ni majumba ya wafalme na makabaila. Mama yule akatueleza kwamba sivyo. Nyingi ya nyumba hizo zilikuwa za vyama vya mafundi: hii ya wapika pombe, ile ya waokaji mikate, ile pale ya wachinjaji, na ile yenye umbo la tezi la jahazi juu yake ni ya mabaharia. Mwaka 1695 majeshi ya Ufaransa yaliushambulia mji kwa mizinga na kuuteketeza uwanja huo karibu wote. Vyama vile vya mafundi vikazijenga upya nyumba zao katika muda wa miaka michache tu, tena kwa fahari kupita awali. "Katika mji huu," alisema, "ukitaka kumjua mtu, muulize anatengeneza nini."

Maneno hayo tuliyatia katika daftari. Hatukujua bado kwamba yangetugeukia.

Kutoka hapo tukaingia katika njia zilizofunikwa ziitwazo Galeries Royales Saint-Hubert, zilizofunguliwa mwaka 1847. Ni barabara yenye maduka pande zote mbili na dari ya vioo juu, hata mtu hutembea humo pasipo kupigwa na mvua wala jua. Humo ndimo Jean Neuhaus, mtu mwenye asili ya Uswisi, alipofungua duka la dawa mwaka 1857. Inasimuliwa kwamba alizivika dawa zake chokoleti ili wagonjwa wasiukimbie uchungu wake. Mwaka 1912 mjukuu wake, aliyeitwa Jean Neuhaus vilevile, akabuni kidonge cha chokoleti chenye kitu kilaini ndani, ambacho Wabelgiji hukiita pralini. Mkewe, Louise Agostini, akaona kwamba vidonge hivyo vinapondeka katika mifuko ya karatasi, akabuni kisanduku cha kuvipanga, mwaka 1915. Majina hayo yote, na miaka yake, mama yule aliyataja pasipo kutazama karatasi, kama sisi tunavyotaja majina ya babu zetu.

Hapo ndipo alipotufundisha kuonja. Alimpa kila mtu kipande kidogo na kutuamuru tusikile. Kwanza tukitazame: chokoleti iliyotengenezwa vizuri hung'aa, nayo rangi yake ni moja. Ikiwa ina vumbi jeupe, tusidhani kwamba imeota ukungu. Ni mafuta yake yaliyopanda juu kwa kupata joto. Kisha tukivunje karibu na sikio: hulia kwa mlio mkavu, kama kijiti. Kisha tukinuse. Mwisho tukiweke juu ya ulimi, tufumbe mdomo, wala tusitafune. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo tu ya joto la mwili wa binadamu, kwa hiyo mdomo wenyewe ndio unaofanya kazi. Ladha huja kwa zamu: utamu, kisha uchachu, kisha uchungu, kisha harufu inayobaki baada ya yote kumezwa. Kati ya kipande na kipande tulikunywa maji na kula mkate mkavu, ili ulimi usahau na kuanza upya.

Tunakiri kwamba tulicheka kidogo moyoni. Kwetu mtu hula ashibe. Hata hivyo, baada ya vipande vitatu tuliona kwamba hapakuwa na mzaha. Ulimi ulikuwa unasomeshwa kusoma, kama jicho linavyosomeshwa herufi. Mtu asiyejua kusoma huona kurasa zote sawa. Na mtu asiyefundishwa kuonja huona chokoleti zote tamu, basi.

Kisha mama akatoa katika kikapu chake tunda la kakao lililokauka, jepesi, la rangi ya kahawia. Alipolitikisa, mbegu zililia ndani kama kayamba. Akauliza: "Yuko kati yenu aliyewahi kuuona mti huu shambani?"

Hakuna aliyejibu. Nasi hatukujibu.

Tumejiuliza mara nyingi baadaye sababu ya kimya hicho. Mmoja wetu alikuwa amepanda miti hiyo kwa mikono yake, amepasua matunda yake kwa rungu, na utotoni amenyonya ute mweupe unaozizunguka mbegu zake, ambao ni mtamu kama stafeli. Lakini katika njia ile ya vioo na taa, kunyoosha mkono na kusema "Mimi" kulionekana kama kukiri kwamba tumetoka jikoni na kuingia sebuleni bila kualikwa. Hiyo ndiyo kasumba tunayowaonya wanafunzi wetu kila siku. Kumbe ilikuwa imeketi ndani yetu, inatungoja Brussels. Lile tunda likapita kutoka mkono hadi mkono. Wajapani wakalipiga picha. Lilipotufikia tukalishika kama watu wanaoliona kwa mara ya kwanza, tukampa aliyefuata.

Njiani mama aliendelea na somo lake. Kakao asili yake ni Amerika, ambako Wamaya na Waazteki waliinywa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, tena mbegu zake zilitumika kama fedha. Wahispania wakaileta Ulaya, ikawa kinywaji cha wakubwa. Mwaka 1828 nyumba ya van Houten, huko Amsterdam, ilipata hati ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol ikatoa chokoleti ya kutafuna. Na mwaka 1875 Daniel Peter wa Uswisi akafaulu kuichanganya na maziwa. Tukapita dirisha lililopangwa chokoleti za Côte d'Or, chapa ya zamani ya Kibelgiji yenye picha ya tembo. Maana ya jina hilo ni Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana kabla ya uhuru wake wa mwaka 1957. Basi Afrika ilikuwapo katika matembezi yetu tangu mwanzo, ila ilikuwapo kwa jina la nchi na kwa picha ya mnyama. Watu wake walikuwa hawajatajwa.

Tukapanda hadi mtaa wa Sablon, wenye kanisa la kale na uwanja mteremko uliozungukwa na maduka ya chokoleti yaliyopangwa kama ya vito. Katika duka moja mama alitupangia juu ya meza vipande vya nchi mbalimbali, kila kimoja na karatasi yake: Ecuador, Madagaska, Vietnam. Karatasi ya nne iliandikwa Tanzania.

Hatukutazamana. Tulivunja, tukanusa, tukaweka ulimini. Mama akawa anaeleza kwamba kipande hicho kina uchachu wa matunda mekundu, na kwamba ladha hiyo ni zawadi ya udongo na jua la Tanzania. Mmoja wetu, yule wa Kyela, alikuwa amefumba macho. Nyuma ya uchungu na sukari alikuwa amekutana na harufu anayoijua: harufu ya masanduku ya mbao siku ya tatu, majani ya migomba yanapofunuliwa na mvuke mkali kama wa siki unapompiga mtu usoni. Alifumbua macho, na kabla hajajizuia akasema kwa Kiingereza: "Si udongo na jua tu. Kuna masanduku."

Watu wote wakamgeukia. Mama akauliza: "Masanduku gani, bwana?"

Hapo kimya kilivunjika. Mwenzetu akaliomba lile tunda kutoka kikapuni, akaeleza. Tunda huota juu ya shina lenyewe na matawi makubwa, wala si kwenye ncha za matawi kama embe. Ndani yake mna mbegu zipatazo 30 hadi 40. Mbegu mbichi haina ladha ya chokoleti hata kidogo, ukiitafuna utaitema. Mkulima huzitia mbegu pamoja na ute wake katika masanduku ya mbao, akazifunika kwa majani ya migomba, akazivundika siku 5 hadi 7 huku akizigeuza ili hewa ipite. Ute huo huchacha na kuleta joto kali, na joto na uchachu huo huiua mbegu na kuigeuza ndani. Ndipo ladha inapoanza. Kisha huanikwa juani juu ya vichanja kwa muda wa wiki moja au zaidi, na mvua ikitishia hukimbiliwa kufunikwa, hata usiku wa manane. Zikivundikwa kwa haraka, hubaki chungu na kali. Zikikaushwa kwa moto, hunuka moshi. Na kosa hilo fundi wa Brussels, awe hodari namna gani, hawezi kuliondoa.

Alipomaliza, mama yule alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba amefanya kazi hiyo miaka mingi, na kwamba habari hizo alizisoma vitabuni, lakini hajapata kuzisikia kutoka kwa mtu ambaye mikono yake imenuka hivyo. Akamshukuru, tena kwa heshima ya kweli. Nasi tukaona fahari, na pamoja na fahari aibu, kwa kuwa dakika chache zilizopita tulikuwa tumejificha.

Lakini mzee mmoja wa Kijerumani, pasipo nia mbaya yoyote, akauliza: "Na huko kwenu, mnaila namna gani?"

Lilikuwa swali la yule msichana wa Kidato cha Pili, limevaa koti na kofia. Safari hii hapakuwa na kengele ya kumwokoa mwalimu. Mwenzetu akajibu: "Hatuili. Tunaiuza."

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo tumeifundisha mara nyingi, na daima tumeieleza kuwa ni sifa ya bidii: taabika leo, ustarehe kesho. Pale Sablon tuliona kwamba methali yenyewe ina sharti ambalo hatukuwa tumelitazama. Inadai kwamba mchumaji na mlaji wawe mtu mmoja. Katika habari ya kakao mtu mmoja huchumia juani, na mwingine, aliye mbali, hulia kivulini chini ya dari ya vioo. Mwenzetu wa Pemba akakumbuka majamvi ya karafuu yaliyoanikwa kando ya barabara, na watoto wanaozilinda mvua isije, nao hawajui zinakokwenda. Akasema kwamba habari ni ile ile, ila harufu ndiyo nyingine.

Matembezi yakaishia ng'ambo ya barabara, katika bustani ndogo ya Petit Sablon. Juu ya nguzo za uzio wake zimesimamishwa sanamu ndogo 48 za shaba, na kila moja ni ya ufundi mmojawapo wa zamani wa mji huo: mfumaji, mhunzi, mwokaji, fundi viatu. Tulizizunguka zote. Hazikuwa sanamu za majemadari. Tukakumbuka maneno tuliyoyaandika asubuhi, kwamba ukitaka kumjua mtu umuulize anatengeneza nini. Basi na sisi tukajiuliza: ikiwa nusu ya ladha ya chokoleti hutengenezwa ndani ya sanduku la mbao wilayani Kyela, je, mwenye sanduku si fundi? Mbona katika vitabu vyetu wenyewe anaitwa mzalishaji wa malighafi, kama kwamba mbegu zilijivundika zenyewe?

Tulipoagana na wenzetu tuliendelea kwa miguu, sisi wawili, tukitafuta mtaa wa Matonge tuliokuwa tumeelekezwa. Mtaa huo, ulio katika manispaa ya Ixelles, umepewa jina la Matonge ya Kinshasa na ni makutano ya Wakongo wengi wanaoishi mjini humo. Karibu na kiingilio chake, pale Porte de Namur, upo uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Si mbali na hapo yupo pia Leopold wa Pili, juu ya farasi wa shaba, mfalme ambaye tangu mwaka 1885 hadi 1908 aliishika Kongo kama shamba lake binafsi. Mji uliotuonyesha heshima kubwa kwa kazi ya mikono una pia kumbukumbu ya mikono ya watu wengine iliyofanyishwa kazi kwa mjeledi. Mambo hayo mawili yamo katika mwendo wa dakika chache, na mgeni mwadilifu sharti ayaone yote mawili.

Katika duka dogo lenye mihogo, sombe na samaki wakavu, mama mmoja alitusikia tukizungumza, akatukaribisha kwa Kiswahili. Tulipomweleza tulikotoka na tulichokuwa tukifanya, alicheka mpaka akashika meza.

"Kwetu Beni kakao iko mingi, wababa," alisema. "Baba yangu aliilima. Lakini chokoleti, niliionja hapa mara ya kwanza. Nilikuwa mama mzima, na watoto."

Tulimuuliza aliionaje. Akafikiri, kisha akasema: "Niliona haya. Niliona kama mtu anayekutana na mtoto wake mkubwa, na mtoto hamjui."

Hatukuwa na la kuongeza.

Sasa ni wajibu wetu kusema kwa haki. Kula chokoleti si alama ya maendeleo, na wala hatudai kwamba kila mkulima ale anachokiuza. Mkulima wa pamba havai marobota. Aidha, zipo sababu za kweli zilizoifanya kazi hiyo ikae mbali. Chokoleti huyeyuka katika joto la Kyela. Mashine zake ni za gharama, zataka umeme usiokatika, na maarifa yake yamekusanywa kwa karne mbili. Lakini hakuna sababu yoyote kati ya hizo inayomzuia mwalimu kujua ladha ya zao analolifundisha, wala inayolizuia taifa kulitia zao hilo katika hesabu ya utamaduni wake badala ya kulitia katika hesabu ya forodha peke yake.

Wenzetu wa Ghana wametutangulia katika jambo hilo. Kwao husimuliwa habari za Tetteh Quarshie, mhunzi aliyerudi kutoka kisiwa cha Fernando Po mwaka 1879 akiwa na mbegu za kakao, akazipanda Mampong. Kufikia mwaka 1911 wakulima wa nchi hiyo, kwa majembe yao wenyewe, walikuwa wameifanya kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Leo hospitali ya Mampong ina jina la mhunzi huyo, njia panda kubwa ya Accra ina jina lake, na tarehe 14 Februari Waghana huadhimisha Siku ya Chokoleti. Umaskini wa mkulima haukuondolewa na jina la njia panda. Hata hivyo, mtoto wa Ghana akiulizwa nani aliyeileta kakao kwao, ana jibu, na jibu lenyewe ni mtu.

Tulirudi nyumbani na vipande viwili vyenye karatasi ya Tanzania. Katika safari ya basi kutoka Dar es Salaam viliyeyuka na kuganda tena, vikaota lile vumbi jeupe. Mwalimu wa Jiografia alikipeleka kimoja darasani. Yule msichana alikuwa amekwisha kumaliza shule, na jambo hilo lilituuma. Wanafunzi walipoliona vumbi wakasema kwamba kimeoza. Tukawaeleza kuhusu mafuta na joto. Tukawaamuru wasile, wanuse kwanza. Ilikuwa asubuhi ya jua, na darasa la watoto arobaini na mmoja lilinyamaza kama darasa la mtihani. Kila mmoja alipata kipande kisichozidi ukucha. Baadhi walikunja uso kwa uchungu wake. Mvulana mmoja akasema kwa sauti kwamba kinanuka sanduku la kwao. Wenzake wakacheka, kisha wakanusa tena vidole vyao, na kicheko kikakoma, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kipande cha pili tulimpelekea baba mzazi wa mwenzetu, mzee aliyelima kakao tangu ujana wake. Tulimkuta uani, karibu na vichanja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni kivulini."

Tukamweleza kwamba hiyo ndiyo kakao ya nchi yetu ilivyokuwa baada ya kufika Ulaya. Alikigeuzageuza kipande mkononi, akakinusa pasipo kufundishwa na mtu, akakiweka mdomoni. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno mengi: kwamba atasifu utamu wake, au atalalamikia bei, au atauliza kinauzwa kiasi gani huko, nasi tuone haya kumwambia. Mzee alinyamaza muda mrefu, taya zake zimetulia, macho yake yakitazama vichanja.

Kisha akasema: "Aliyezivundika hizi hakuwa na haraka."

Akaomba apewe karatasi. Akalitafuta jina la mkulima mbele na nyuma, akisogeza kidole chini ya kila neno, halafu akaturudishia.